Mwalimu Aliyekaa Dawati la Mbele

Shule ya Msingi Nyarukoma,
Kigoma.
16 Februari 1974

Mpendwa Mjomba Bonaventura,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mama aliniambia, siku ninatoka Mwandiga, kwamba mvua hizi zimelirudishia maumivu yake, nami nimeliwaza hilo goti kuliko ninavyokuwaza wewe mwenyewe. Wasalimie wote hapo Kasingirima, na jirani yako Mzee Mwinshehe usimpite. Mimi ni mzima. Boti ilinitapisha kuanzia Kigoma mpaka hapa, nikashuka ufukoni mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu nikiwa sina hata nguvu ya kuamkia.

Nilitegemea darasa la kwanza, niimbe nao irabu. Mwalimu Mkuu wetu, Ndugu Feliksi, amenipa darasa lisilo na namba. Ni vijana waliokimbia kutoka Burundi na wazazi wao tangu mwaka juzi, wakapokewa na jamaa zao hapa ufukoni. Wadogo wana miaka kumi na mitatu, wakubwa wameanza kuota ndevu. Kwao walikuwa wanafunzi wazuri, wengine wanajua Kifaransa kuliko mimi ninavyojua Kiingereza. Hapa hawana Kiswahili, na bila Kiswahili hawaingii darasa la tano. Mwezi wa sita afisa atakuja kutoka wilayani kuwasikiliza mmoja mmoja. Wakiweza kusema na kusoma, wataingia. Wasipoweza, darasa linafungwa, nao watabaki kuanika dagaa mpaka wazeeke.

Sasa Mjomba, shida yangu ni kwamba hawasemi kabisa. Wiki ya kwanza walikuwa wakijaribu. Kisha Hatungimana, kijana mmoja mrefu mwenye adabu, akasimama akasema, "Mwarimu, naomba karamu." Unajua ulimi wa Kirundi hauijui L, kila L kwao ni R, na sisi Waha tusiwacheke sana maana nasi tuna yetu. Kijana wa watu alitaka kalamu ya kuandikia. Watoto wa darasa la sita walikuwa wamejazana dirishani. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na tangu siku ile mwanafunzi wangu akipita uwanjani wanampigia sahani: "Karamu! Karamu! Pilau lini?" Hatungimana amefunga mdomo, na darasa zima limefunga pamoja naye. Nikiuliza swali, wananitazama kama mimi ndiye mgeni, na kwa kweli ni mgeni.

Nina msaidizi wa kunifasiria, Mwalimu Térence Nkeshimana, mtu wa miaka arobaini hivi. Kwao alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Alivuka peke yake, hana ndugu hapa. Shati lake lina viraka, ila halikosi kupigwa pasi. Ni mpole mno, na matamshi yake ya Kiswahili ni mabovu kuliko ya wanafunzi.

Wewe umefundisha maisha yako yote na sijasikia mtoto aliyekaa kimya ukimtaka aseme. Niambie nifanyeje.

Mpwa wako akupendaye,
Rozalia


Kasingirima, Ujiji.
2 Machi 1974

Mpwa wangu Rozalia,

Marahaba, mama. Goti linakushukuru kwa kuulizwa kabla ya mwenye goti. Sisi wazima, mvua inanyesha, mawese yamepanda bei, na Mwinshehe anakula kwangu kila siku akidai amekuja kunijulia hali. Kutapika botini si aibu. Aibu ni hayo mengine uliyoniandikia.

Sikiliza. Vijana wa umri huo wanakupima. Wanataka kujua kama wewe ni mwalimu au ni dada yao. Ukicheka na nyani utavuna mabua, mwanangu, na wewe tangu utoto una tabia ya kucheka. Usiwabembeleze. Simama wima, sauti itoke kifuani, na anayenyamaza asimame mpaka aseme.

Tena fanya hivi. Tafuta kipande cha ubao, utoboe tundu, utie kamba, uandike kwa herufi kubwa SIJUI KISWAHILI. Atakayesema Kirundi shuleni akivae shingoni, na asikivue mpaka amnase mwenzake akisema Kirundi naye. Mimi mapadri walinivisha kibao kwa ajili ya Kiha, nikakivaa karibu mwezi mzima, na leo unaona barua ninayokuandikia. Hata mabwana wakubwa wa Dar es Salaam hawaniwezi kwa ufasaha.

Mwinshehe anasema nikwambie uwape vijana wale karamu wanayoiomba na mambo yatakwisha. Huyu hajapata kufundisha hata paka, kwa hiyo usimsikilize.

Kaza kamba. Niandikie habari njema.

Mjomba wako,
Bonaventura


Nyarukoma.
30 Machi 1974

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Huku nako ziwa limechafuka, boti ilikaa wiki nzima bila kuja, ndiyo maana nimekawia. Afya yangu nzuri, nimezoea ugali wa muhogo na samaki wa migebuka mpaka nguo zinanibana. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Nilifanya ulivyosema. Nilitengeneza kibao, nikakiandika vizuri kwa rangi. Wa kwanza kukivaa alikuwa Mélanie, binti wa miaka kumi na mitano, kwa kosa la kumnong'oneza mwenzake kwa Kirundi, kumwuliza ni ukurasa gani. Hakulia. Alikivaa akakaa wima kama mtu aliyevishwa nguo za msiba, akaenda nacho kwao. Kesho yake darasa lilikuwa nusu. Keshokutwa nikawa na wanafunzi sita, na Mélanie hayumo.

Siku hiyo ya tatu Mwalimu Térence akaja mbele, akasimama pale wanaposimama wakosaji. "Mwarimu Rozaria," akasema, "mimi nimesema Kirundi tangu arufajiri. Nimesema na jirani, nimesema na mbuzi yake. Nipe kibao."

Nikamwambia yeye ni mwalimu, sheria ile si yake. Akajibu, "Sheria ni ya shure. Na mimi niko ndani ya shure." Akainama nimvishe. Nikamvisha, Mjomba. Sikuona hata chembe ya kiburi usoni mwake, wala hakuwa akinikomoa. Alivaa kile kibao juu ya shati lake la viraka, akakaa nacho kipindi chote, na shule ilipotoka akaenda nacho ufukoni, kwenye soko la dagaa, mahali penye watu kuliko pote hapa kijijini. Wanafunzi walimfuata kwa mbali. Nami nilifuata, sitakuficha.

Akina mama wakamwuliza umevaa nini, mwalimu? Akawasomea mwenyewe, silabi kwa silabi: "Si-ju-i Ki-swa-hi-ri. Ni kweri kabisa, mama. Nifundishe." Wale mama waliangua kicheko, kisha mmoja akainua samaki akamwambia huyu ni mgebuka, sema. Akasema. Na huyu kuhe. Akasema. Na hiki kikapu, na huu mchanga, na mimi naitwa nani? Alirudi jioni na maneno chungu nzima na dagaa wa kupewa bure. Asubuhi yake darasa lilijaa. Mélanie alikuwa wa kwanza kufika.

Kile kibao nimekitia motoni nikachemshia chai. Usinune, Mjomba.

Kisha akaniomba jambo moja. Hataki tena kufasiri. Anataka kukaa dawati la mbele awe mwanafunzi wangu. Nikadhani ni mzaha. Akakaa, magoti yakamfika kidevuni, akanyoosha mkono. Nikamwita. Akasimama kwa adabu kama kijana wa miaka kumi na tatu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani, "Mwarimu, naomba karamu."

Wanafunzi wote wakamgeukia Hatungimana. Huko nje vicheko vikalipuka. Nikamweleza kwamba karamu ni shughuli ya kula na kunywa, kama ya harusi, na hiki mkononi mwangu ni kalamu. Akafikiri kidogo. "Basi, Mwarimu," akasema, "nipe zote mbiri."

Wa kwanza kucheka alikuwa Hatungimana. Halafu wote. Nimekaa nao mwezi na nusu, sikuwa nimewahi kuona meno yao.

Mpwa wako,
Rozalia


Kasingirima, Ujiji.
20 Aprili 1974

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti liko vilevile. Mama yako alipita hapa juzi kutoka Mwandiga, mzima, analalamika humwandikii yeye. Pasaka ilikuwa njema.

Nilinuna. Nilinuna siku mbili tatu, na Mwinshehe akala chakula changu kimyakimya asinichokoze. Ulikitia jikoni kibao changu, Rozalia! Kisha nikaisoma barua yako tena, nikafika pale alipotaka kalamu na karamu zote mbili, nikacheka peke yangu barazani mpaka wapita njia wakanishangaa. Nikamsomea Mwinshehe. Huyo ndiye aliyenifanyia fujo, maana sasa kila akiletewa sahani anasema, "Nipe zote mbiri," na wajukuu wamemwiga.

Lakini nakuandikia kwa sababu nyingine. Nimefundisha karibu miaka thelathini, na katika muda huo wote sijapata kukaa dawati la mwanafunzi, hata kwa kupumzika. Mtu aliyekuwa mwalimu kwao, mwenye heshima yake, akapoteza nyumba na nchi, halafu hata hicho kidogo kilichombakia, kuitwa mwalimu, akakiweka chini kwa hiari ili watoto waokote ujasiri! Huyo ni mtu wa namna gani? Nitajie mengine juu yake. Anakula wapi? Anafuliwa na nani hilo shati?

Pamoja na hayo, kucheka si kujua. Juni iko mlangoni. Mnafundishana vipi huko, au mnachekeshana tu?

Mjomba wako,
Bonaventura


Nyarukoma.
18 Mei 1974

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mama nimemwandikia, asikusumbue tena. Hapa mvua zimekatika, tuna upepo na vumbi, na mafua kidogo. Mwalimu Térence anakula kwa Ndugu Feliksi. Shati anafua mwenyewe kila Jumamosi ziwani, na siku hiyo haonekani mpaka likauke.

Umeuliza tunafundishana vipi. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, tuna soko la makosa. Kila mwanafunzi analeta kosa alilolifanya wiki ile huko kijijini, anatusimulia kwa Kiswahili jinsi lilivyotokea, kisha tunalitengeneza pamoja. Kosa bora hupigiwa makofi. Sharti ni moja, nalo waliliweka wao wenyewe: anayetaka kucheka kosa la mwenzake, kwanza aseme lake. Wazo hili nusu ni langu na nusu ni la Mwalimu Térence, na nusu yake ndiyo iliyo nzuri.

Ungewasikia! Hatungimana alimwendea mama mmoja ufukoni akitafuta mahali pa kutandaza nyavu. Akamwambia, "Mama, naomba mahari." Mama akashika kiuno: "Mahari uniombe mimi? Si wewe ndiye wa kuleta?" Mélanie naye alieleza kwamba kwa Kirundi kusoma ni kusoma kitabu, lakini pia ni kunywa funda la pombe, kwa hiyo siku ya kwanza niliposema "someni mpaka mwisho" alitazama huku na huku akitafuta kibuyu. Wengine sasa wameiogopa R mpaka wanaikimbia. Wananiamkia, "Habali za asubuhi," na Bonfils, mdogo wao kuliko wote, anamwandikia bibi yake "balua". Sasa watoto wa la sita huja dirishani siku ya Ijumaa, ila hawapigi tena sahani. Wanataka kuingia, na tunawaambia walete makosa yao kwanza.

Jambo la pili si la kuchekesha. Amri imekuja. Wakimbizi wote wasio na jamaa katika vijiji hivi vya ufukoni watahamishiwa kwenye makazi mapya upande wa Tabora. Wanafunzi wangu wana jamaa zao, watabaki. Mwalimu Térence hana mtu. Ndugu Feliksi amempigania, akasema tunamhitaji shuleni, na jibu lililorudi ni kwamba afisa atakapokuja atamsikiliza naye. Akiweza kufundisha kipindi kimoja kwa Kiswahili fasaha, ataandikwa kuwa mwalimu msaidizi na atabaki. Asipoweza, ataondoka na wenzake.

Sikuwaambia wanafunzi, lakini wamejua. Hapo ndipo nilipowaona vijana hawa wanavyoweza kujifunza, Mjomba, mpaka nimeogopa. Hawajifunzi tena ili waingie la tano. Wanataka kumvusha yeye. Saa za mapumziko wamemzunguka: sema lala, sema lima, sema leo, sema Rozalia. Mélanie ndiye mkali kuliko wote. Ana kipande cha kioo, amejichunguza ulimi wake mpaka akajua unapokaa. "Mwalimu, ulimi usitetemeke," anamwambia. "Uweke nyuma ya meno, halafu uache." Naye anaweka, anaacha, jasho linamtoka, na kati ya mara kumi L inakuja labda nne. Ulimi wa mtu wa miaka arobaini ni mzito. Ila wao ili kumsahihisha inabidi waseme sawasawa kwanza, na sasa wanasema sawasawa kuliko watoto wengi wa hapa. Mimi nakaa nyuma nafuma kitambaa, sina kazi.

Nawapenda, Mjomba. Sikujua kama kazi hii ina jambo kama hili ndani yake.

Mpwa wako,
Rozalia


Kasingirima, Ujiji.
1 Juni 1974

Mpwa wangu Rozalia,

Marahaba, na pole na mafua, kunywa maji ya moto yenye limau. Hapa salama, isipokuwa Mwinshehe aliumwa tumbo siku mbili, naye hataji alikula nini na wapi.

Mwambie Mwalimu Térence maneno haya kutoka kwangu. Asikimbilie. Mtu akisema polepole, ulimi unapata nafasi ya kukumbuka njia. Achague somo lisilo na L nyingi. Asifundishe kilimo, kwa mfano, wala malaria. Afundishe chakula: nyama, kuku, samaki, ndizi, mchicha. Tazama, ukiacha neno chakula lenyewe, hapo hamna L hata moja! Nimekesha nikitafuta maneno ya namna hiyo, na Mwinshehe amekuwa akinisaidia, kila nikipata moja yeye anatia lenye L kwa makusudi.

Mwinshehe amemwombea dua msikitini. Mimi nimewasha mshumaa kanisani. Kwa hiyo pande zote mbili zimekwisha kuarifiwa.

Afisa akishaondoka, andika siku hiyohiyo.

Mjomba wako,
Bonaventura


Kasingirima, Ujiji.
6 Julai 1974

Rozalia,

Hujambo? Unaumwa? Boti zimekuja mara tatu na sijapata kitu. Nimeteremka mpaka Kigoma mjini kuuliza posta, kwa goti hili. Mama yako nimemwambia u mzima, nami sijui. Andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako


Nyarukoma.
10 Julai 1974

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe. Siumwi. Nilitaka kukuandikia habari moja, na ninazo mbili, na hazikai pamoja katika karatasi.

Afisa alikuja Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Alikuwa mtu wa haki, sitaki umfikirie vibaya, ingawa mimi nilimfikiria vibaya wiki nzima. Aliwaita vijana mmoja mmoja. Mjomba, walisema! Waliulizwa majina, kazi za wazazi, habari za ziwa, wakasoma, wakaeleza walichokisoma. Mélanie aliulizwa angependa kuwa nani, akajibu kwamba hajaamua, ila asingependa kuharakishwa. Afisa akacheka akamwandikia alama nzuri. Bonfils peke yake hakumaliza; aliulizwa habari za baba yake, akaanza kulia, basi huyo atasikilizwa tena mwezi wa nane. Wengine wote wamefaulu, wote, wanaingia darasa la tano.

Kisha ikawa zamu ya Mwalimu Térence. Alifundisha vyakula, kama ulivyomwagiza. Alisema polepole, na kila L iliyojitokeza aliisimamisha mahali pake. Nilimwona Mélanie midomo ikimcheza pamoja naye. Kipindi kilikwisha bila kosa. Nikashusha pumzi.

Ndipo afisa akafunga kitabu chake akamwuliza kwa wema tu, "Ndugu, kwa nini unataka kubaki hapa?" Hilo hatukuliandaa. Mwalimu Térence alitutazama wote, kisha akajibu kwa moyo, na moyo wake haujajifunza L. "Kwa sababu nirifika hapa sina kitu, Ndugu. Nirikuwa sitaki hata kurara, sitaki kura. Watoto hawa warinipa kazi ya kufanya. Nikiondoka, nitarudi kure nirikokuwa."

Afisa alicheka. Nadhani ni lile "sitaki kura", kama kwamba mtu anakataa uchaguzi. Akamgeukia karani wake akalirudia. Hakuna mwanafunzi aliyecheka.

Hatungimana akasimama bila kuitwa. "Ndugu Afisa, samahani," akasema. "Hapa kwetu, anayecheka kosa la mtu, kwanza anasema kosa lake mwenyewe. Mwalimu huyu alisema makosa yake mbele yetu sisi tulipokuwa tunaona haya. Alivaa kibao ambacho hakikuwa chake. Sisi tulikuwa kimya, yeye akatangulia. Ukitupa alama sisi, umempa yeye. Tunaomba abaki."

Kila L ilikuwa mahali pake, Mjomba. Mimi nilikuwa nalia waziwazi.

Afisa akafungua tena kitabu chake. Akamwuliza, "Kijana, nani amekufundisha kusema hivi?" Hatungimana akamwonyesha kwa mkono wote, si kwa kidole. "Huyo."

Akaandika sana. Akasimama, akampa Hatungimana mkono, akampa Mwalimu Térence mkono. Kisha akatuambia kwamba alichotumwa kupima ni Kiswahili cha mtu, na hana mahali pa kuandika mambo mengine. Vijana wamefaulu. Mwalimu hakufaulu.

Hasira niliyonayo sijui niiweke wapi. Mélanie alivunja kile kioo chake ukutani. Mwalimu Térence ndiye aliyetutuliza. Alimpa kila mmoja mkono wa hongera, akimwita kwa jina lake kamili. Mélanie akamwambia, "Ni mimi niliyeshindwa kukufundisha." Akamjibu, "Usirie. Mimi nirikosa. Wewe hukukosa hata mara moja." Na tangu siku ile hadi leo anaendelea kukaa dawati la mbele kila kipindi, na anaandika mazoezi yote, na kuyaleta yasahihishwe.

Boti ya Jumatano ijayo itawachukua mpaka Kigoma, na Alhamisi tarehe kumi na nane wanapanda treni. Mimi siwezi kuja, tuna majaribio ya mwisho wa muhula na Ndugu Feliksi ana homa. Mjomba, hana mtu wa kumuaga huko. Najua goti. Nenda stesheni.

Mpwa wako,
Rozalia


Kasingirima, Ujiji.
20 Julai 1974

Mwanangu Rozalia,

Hujambo, mama? Mpe pole Ndugu Feliksi. Sisi wazima. Goti limevimba, na safari hii nimelistahili.

Nilikwenda. Mwinshehe alisema haniachi niende peke yangu, akabeba kikapu cha maandazi, samaki wa kukaanga na chupa ya chai, na ajabu kubwa ni kwamba vilifika stesheni vyote. Watu walikuwa wengi mno. Mikeka, majembe, sufuria, kuku waliofungwa miguu, watoto wanalia, akina mama wamekaa juu ya mizigo. Nikajiuliza nitamjuaje. Tukazunguka weee. Kisha nyuma yangu nikasikia mtu akimwuliza mchukuzi kwa heshima kubwa, "Samahani, Bwana, behewa retu ni ripi?"

Nikageuka. Shati lilikuwa limepigwa pasi.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba, Rozalia, unanijua. Niliitunga njia nzima, ya Kiswahili cha juu. Nilipomwona ikanitoka yote. Mwinshehe akanisukuma kidogo mgongoni. Nikavua kofia yangu nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu."

Alitazama nyuma yake akidhani yupo mzee mwingine ninayemwamkia. Hakumwona. Akaniangalia mvi zangu, akaniangalia fimbo yangu, akaona haya kwa ajili yangu. "Mzee, hapana," akaniambia polepole, kwa kunificha nisiaibike mbele za watu. "Mimi ni mudogo. Mimi ndiye wa kusema shikamoo, na wewe unaitikia."

Yaani alidhani mimi ndiye sijui Kiswahili. Alikuwa ananisahihisha kama anavyowasahihisha watoto, bila kunivunjia heshima hata kidogo.

Nikamwambia, "Naitwa Bonaventura, mjomba wake Rozalia. Nimefundisha lugha hii karibu miaka thelathini na najua ninachokisema. Shikamoo, Mwalimu."

Filimbi ilipigwa. Watu wakaanza kusukumana kuelekea mabehewani. Mwinshehe akakikumbatia kikapu kisisukumwe. Mwalimu Térence akaweka mzigo wake chini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. Nilimwona akilitafuta neno, akiogopa kuliharibu.

"Marahaba, Mzee," akasema.

Neno lile halina L hata moja. Alilisema sawasawa.

Tukampakilia kikapu dirishani, na treni ikaondoka. Tulirudi Kasingirima polepole kwa ajili ya goti.

Wasalimie wanafunzi wake.

Mjomba wako,
Bonaventura